Ndege wa Bi Kaltham na Maji ya Uani

Bi Kaltham hawezi kukaa kitako. Lijulikane hilo mapema, maana asiyelijua atamdhania ana wazimu: mwanamke wa miaka sitini na minane, mjane, anaishi peke yake juu ya mlima Jebel Shams, na kabla jua halijatoka ameshafagia ua, ameshakunywa chai ya kwanza, na ameshatoka nje mara nne kutazama kama ndege wamekuja. Wasipokuja hana raha. Wakija pia hana raha, maana papo hapo huanza kutafuta nani hayupo.

Ni mzaliwa wa Unguja, mtaa wa Malindi. Alikuja Oman na wazee wake akiwa na miaka kumi na sita, Kiarabu chake cha msahafuni tu, watoto wa jirani wakimcheka akiomba maji. Hayo yalikwisha. Alisomea uuguzi, akapelekwa Al Hamra, huko chini ya mlima, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja ya kuzalisha na kupima watoto. Nusu ya vijana wanaoendesha magari kwa fujo pale Al Hamra leo, yeye ndiye aliyewashika mwanzo, kabla ya mama zao. Waliozaliwa wepesi, wa kilo moja na kitu, hao ndio waliokuwa wake hasa. "Kitoto kidogo kinaondolewa na baridi na njaa," alikuwa akiwaambia wauguzi wapya. "Kipasheni moto, kilisheni mapema, mengine yatafuata." Na lilikuwapo la pili, hilo akilisema kwa ukali: muuguzi akikosea akasema, atamwachia wodi usiku kucha na yeye akalale, akikosea akaficha, hamwachii hata mgonjwa wa mafua.

Mumewe, Majid, alikuwa mpima barabara wa serikali. Barabara ya mlimani ilipokuwa ikikatwa aliupenda ule ubaridi wa juu, akatafuta kiwanja, akajenga vyumba viwili, jiko, na ua wa saruji wenye ukuta wa kufika kiunoni. Wakawa wanapanda wakati wa joto. Alipofariki, miaka sita nyuma, Bi Kaltham alikaa eda kwa binti yao wa pekee, Basma, huko Nizwa. Nyumba kubwa, mashallah, haina upungufu. Lakini mtumishi anapika, mtumishi anafua, mtumishi anakupokonya kikombe mkononi hujameza funda la mwisho. Bi Kaltham akawa anazunguka vyumbani akinyoosha mashuka yaliyokwisha kunyooshwa. Eda ilipomalizika akasema anataka kwenda mlimani siku tatu, kuangalia nyumba. Hizo siku tatu hazijesha mpaka leo.

Ndege walianza baridi ya mwaka ule ule. Alimwona tetere juu ya ukuta, amejitutumua manyoya mpaka shingo haionekani, hatikisiki. Asubuhi yake akamkuta chini ya ukuta amekauka. Akamwokota akampima kiganjani, kama alivyozoea kupima, akaona hana kitu, manyoya matupu. Alikasirika. Hakujua amkasirikie nani, lakini alikasirika kutwa nzima, na jioni akamwaga mtama ukutani.

Tangu hapo, kila baridi, kazi ni hiyo. Mtama kwa tetere na jurawa. Tende zilizokatwa vidogo vidogo kwa shore, ndege yule yule wa Unguja mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ila wa huku ana duara jeupe jichoni kama aliyevaa miwani. Na chicha. Chicha, machujo ya nazi iliyokamuliwa, haikosi. Basma humwambia tui la kopo lipo dukani, la nini kujitaabisha na mbuzi ya kukunia nazi. Mama yake humjibu kwamba kopo halina chicha. Na siku za baridi nazi yake huikamua mara moja tu, mafuta yabaki kwa wenye haja nayo. Huwapa alfajiri na huwapa tena kabla ya magharibi, kwa sababu ndege akilala na njaa usiku wa baridi, haamki. Hilo hakuambiwa na mtu. Alilijua kwa wale watoto wa kilo moja na kitu.

Basi mwaka jana kifua kilimbana, akakohoa wiki tatu bila ya kumwambia mtu. Basma alipopata habari alipanda mlima siku ile ile, amevimba kwa hasira.

"Mama, tukubaliane. Ukianguka hata mara moja, ukiugua ukaficha tena, unashuka. Unakaa kwangu, khalas."

"Nikianguka," Bi Kaltham akasema, "nitashuka mwenyewe, sitangoja kuvutwa."

Wakapeana mikono. Tangu siku ile Bi Kaltham anatembea kwa hadhari, na hata akijikwaa peke yake jikoni hutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Maana yeye anajua kinachomngoja Nizwa: kochi, runinga, na kikombe kinachopokonywa. Angekufa pale, si kwa maradhi, kwa kukosa shughuli.

Januari hii baridi ikaja ya namna nyingine. Alhamisi, Basma alitoka kazini akapitiliza moja kwa moja mlimani, na koti lake zito, na maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunichukua."

"Wamesema itashuka chini ya sifuri. Siku tano tu, mama. Siku tano kwangu, kisha nakurudisha, wallahi."

"Siku tano hizo ndizo zenyewe. Nikiondoka hizo, nikirudi n'tamlisha nani?"

"Hao ndege zako walikuwepo kabla yako."

"Na watoto walikuwa wakizaliwa kabla ya wakunga. Kwani hawakuwa wakifa?"

Basma mwenyewe alizaliwa wa miezi saba. Akavua koti, akasema atalala, watazungumza kesho, na kesho ni Ijumaa, hana haraka.

Alfajiri Bi Kaltham alisali, akajifunika shali mbili, akatoka. Saruji ilikuwa baridi hata ndani ya viatu. Bakuli la maji ya ndege lilikuwa limeganda lote. Akaligeuza, akaligonga chini, barafu ikatoka nzima, duara, kama mkate wa kumimina unavyotoka kwenye sufuria. Akaitazama, akaitupa pembeni mwa ukuta. Akatia maji ya vuguvugu, akapanga tende, akamwaga mtama, akaweka chicha. Hapakuwa na hata ndege mmoja. Pengine usiku umewamaliza wote, na yeye alikuwa amelala ndani ya mablanketi manne.

Akafagia. Alipokwisha kufagia, akachota maji kwa kopo kwenye ndoo, akanyunyiza ua.

Hapa lazima nieleze, maana asiyekulia Unguja hatafahamu. Mama yake Bi Kaltham, pale Malindi, alikuwa akifagia ua kwa ufagio wa njukuti kabla watu hawajaamka, kisha akinyunyiza maji, vumbi litulie na nyumba ipoe. Ua uliofagiwa bila ya kunyunyizwa kwao ni ua ulioachwa nusu. Bi Kaltham alikabidhiwa kopo akiwa na miaka saba. Alinyunyiza Malindi, alinyunyiza Al Hamra, na juu ya Jebel Shams ananyunyiza saruji isiyokuwa na vumbi la kutulia. Majid alikuwa akimcheka, akimwuliza anamwagilia nini kitaota hapo. Hakuacha. Na asubuhi hiyo, ile barafu ya bakuli ikiwa pale pale mbele ya macho yake, mkono ulichota, ukanyunyiza, ukachota tena. Kichwa kilikuwa kwa shore, kama kafika au hakufika. Mkono haukuuliza.

Akaingia jikoni, akasimama dirishani kungoja. Haukupita muda, tetere wawili wakatua ukutani, kisha jurawa, wanane, kumi. Bado shore. Alikuwa bado anahesabu alipomwona Basma anatoka na simu mkononi, na ndara za bafuni miguuni, anaelekea pembe ya ua, pale peke yake ambapo simu hushika mtandao. Alipiga hatua tatu. Ya nne mguu ukamtoka, akaenda chini kwa mgongo, na mguu wa kulia ukabaki umekunjika chini yake.

"Mama," akasema. Hilo tu.

Bi Kaltham alitoka mbio, na mlangoni pale mguu wake mwenyewe ukateleza, akaushika mlango. Ndipo alipofahamu. Hofu ya kwanza ilikuwa ya mwanawe. Ya pili, na ilikuja upesi mpaka akajionea haya, ilikuwa ya nyumba yake.

Kazi aliijua. Alivua viatu akaenda kwa soksi, akapapasa kifundo cha mguu, Basma akauma meno. Umevunjika, hakuna la kubahatisha. Akachana boksi la tende, akaukaza mguu kwa vipande vyake, akaufunga kwa kanga kuukuu. Kisha akamlaza juu ya mkeka akamkokota mpaka ndani, na barafu ile ile ikamsaidia kumkokota. Akamweka kwenye kiti kirefu cha dirishani, mguu juu ya mito, akampa dawa ya maumivu. Akarudi kwa soksi mpaka ile pembe ya mtandao, akampigia Khalaf, jirani yake mwenye mbuzi, ndiye atakayeendesha gari la Basma mpaka hospitali ya Nizwa, kwa vile yeye Bi Kaltham macho yake hayafai tena kwa njia ile ya mapinde. Khalaf akasema yuko malishoni, baada ya saa moja atafika.

"Barafu imeanguka usiku, eh?" Basma akauliza, macho ameyafumba.

"Baridi ilikuwa kali," akajibu Bi Kaltham. Si uongo huo. Lakini pia si jibu.

Akakaa. Akasimama. Akapika chai, akampa. Akakaa tena. Akasema anakwenda kutia majivu uani, Khalaf asije naye akateleza.

Akatoka na koleo na ndoo ya majivu ya jiko la kuni. Nje ya ukuta, njia ilikuwa kavu, mawe makavu, majani makavu. Ua wake peke yake ndio uliokuwa unang'ara. Na maji yaliganda vile vile yalivyoruka kutoka kwenye kopo, mapinde mapinde, mpaka mlangoni. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga maji kwa kopo angeyasoma. Bi Kaltham akayapiga koleo, akayafukia kwa majivu, pinde moja baada ya jingine, na alijua vizuri kwamba viatu vya Khalaf havimshughulishi kitu. Ndege waliruka wote kwa kishindo cha koleo. Kwa mara ya kwanza hakutazama nani yupo, nani hayupo.

Alipoingia, Basma alikuwa ameegemea kioo.

"Wanarudi," akasema. "Yule wa miwani kafika, anakula tende. Wako wawili, mama. Mmoja anamlinda mwenzake."

Siku nyingine yoyote Bi Kaltham angeruka kwa furaha kuyasikia hayo, maana miaka sita anamwambia Basma atazame na Basma anatazama simu. Sasa alisimama tu nyuma ya kiti. Makubaliano yalikuwa nikianguka mimi, akajiambia, na mimi sikuanguka. Kisha akajiambia: na mkono uliomwaga maji barafu ikiwa mbele ya macho, kesho utaacha gesi wazi. Angekuwa mama wa mtu mwingine, yeye mwenyewe angemwambia binti yake, mshushe leo leo. Alifungua kinywa kusema. Kikatoka kingine.

"Nikupe chai?"

"Mama, hiki ni kikombe cha tatu."

Khalaf alifika jua limeshapanda. Akasimama pale penye nafasi ya kuingilia uani, akatazama chini, akasogeza majivu kwa ncha ya kiatu. Yeye kazaliwa mlimani, baba yake kazaliwa mlimani. Humwita Bi Kaltham khalti, kama mama mdogo wake, na Kiswahili hajui hata neno.

"Khalti," akasema kwa Kiarabu, "mbona barafu iko kwako tu? Njia nzima kavu. Bomba limepasuka?"

"Bomba, labda," Basma akaitikia kutoka ndani, kwa Kiarabu hicho hicho, upesi.

Bi Kaltham akamtazama huyu, akamtazama yule. Uongo ulikuwa umeshapikwa na umeshapakuliwa, kilichobaki ni yeye kunawa mikono. Akageuza uso kuelekea ukutani, ambako shore wawili walikuwa bado wanadonoa, hawana habari. Akawaona, na akajua kwamba hatawaona tena, na ikamwuma.

"Hakuna bomba," akasema, kwa Kiarabu, wote wawili wasikie. "Maji nimemwaga mimi. Nimefagia nikanyunyiza kama kila siku, na barafu naiona. Kisha nikatia majivu ili nyinyi msiione."

Khalaf akainamisha kichwa. Hakutaka kuwapo. "Nani anamwaga maji chini kwa baridi hii?" akauliza polepole, si kwa kulaumu, kwa kutofahamu kweli.

"Mimi."

Akaingia ndani, akasimama mbele ya binti yake. "Haya," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Umeshasikia. Nipe dakika nifunge mkoba wangu."

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa macho. Nimesikia kopo likigonga ndoo. Tangu mdogo nikiisikia sauti ile, najua kumekucha na wewe upo. Sikufikiri barafu. Nikavaa ndara nikatoka. Na nilipoanguka, nguo ikaloa mgongoni."

Bi Kaltham akabaki amesimama na shali mkononi. "Na umekaa na mguu huo saa nzima, kimya? Unanywa chai yangu?"

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nione kama utasema."

"Yaani umenitega. Miye, mama yako, kwenye nyumba yangu, na mguu umevunjika."

"Nani huyo humwachii hata mgonjwa wa mafua, mama?" Basma akasema. "Nyumba nzima ilikuwa ikikusikia ukiyasema yale kwenye simu. Baba alikuwa akikuigiza mezani."

Bi Kaltham akakunja shali ikawa ndogo, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa analia, na kwa vile si mzoefu wa kulia hakujua afanye nini na uso wake, akaugeuzia kabatini.

"Lakini mkono ulichota mwenyewe," akasema huko huko. "Mimi sikuwapo. Hilo halikutishi?"

"Linanitisha sana."

"Basi?"

"Basi umelisema. Ungelificha, ningekushusha leo na usingepanda tena. Sasa shuka uniuguze, mtumishi hajui kumfunga mtu mguu. Nikipona nitakupandisha mimi mwenyewe. Na hilo kopo nitalifungia kabatini mpaka mwezi wa tatu."

Khalaf alimbeba Basma mpaka garini, akamlaza kiti cha nyuma mguu umenyooka. Bi Kaltham alipanda mbele na mkoba wake, akafunga mlango, akaufungua, akashuka kutazama kama maji ya bakuli yameanza kuganda. Akapanda. Akashuka tena kuonesha gunia la mtama liko wapi. Khalaf ana mbuzi mia na ushei, na hakuna siku aliyopata kufundishwa namna ya kulisha kiumbe, lakini alisikiliza mpaka mwisho: alfajiri na kabla ya magharibi, si mara moja kwa siku. Mtama juu ya ukuta, usimwage chini, paka watakuja. Tende kata vidogo. Maji vuguvugu, yakiganda geuza bakuli ugonge. Chicha iliyobaki iko kwenye friji, itatosha siku nne, baada ya hapo Mungu mkubwa.

"Na ua, khalti? Nifagie?"

"Fagia."

Wakaondoka. Bi Kaltham aligeuka akatazama nyuma mpaka pinde la kwanza, ukuta ukapotea, na ndege juu yake wakapotea, hakujua walikuwa wangapi. Akatulia kidogo. Kisha akageuka kwa Khalaf.

"Usinyunyize maji," akasema.

"Wallahi, khalti, hata lisingenijia."

Basma alicheka huko nyuma, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, na papo hapo akagumia, maana kucheka kulimtikisa mguu. Khalaf naye akatabasamu, macho njiani. Bi Kaltham hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, akaukamata kwa wa kushoto, akaushika hivyo hivyo mpaka Al Hamra.